Cimpunda: Programu iliyofungwa isishike riziki ya jamaa

Bukavu, Kivu ya Kusini – Katika mtaa wa Cimpunda, komini ya Kadutu, kompyuta moja ya zamani inaweza kulisha nyumba nzima. Ndiyo inayochapa barua ya kuomba kazi, kutoa nakala ya diploma, kupanga picha za kitambulisho, kutengeneza tangazo la mtoto aliyepotea na kukata filamu ya harusi ya Jumamosi. Kwa jamaa zilizokimbia vita na kuacha karatasi zao nyuma, kibanda cha kuchapa ni mahali pa kwanza pa kubisha hodi. Mama anafika na picha ya cheti cha kuzaliwa iliyobaki ndani ya simu. Anataka itoke kwenye karatasi ili mtoto apokelewe shuleni. Siku mashine inapowashwa na kuonyesha kioo cheusi tu, anayeumia si mwenye kibanda peke yake.

Mara nyingi kioo hicho cheusi hakimaanishi kwamba mashine imekufa. Ni matokeo ya ugomvi wa miaka mingi kati ya mfumo wa Linux, ambao uko wazi kwa kila mtu, na programu ya kadi ya grafiki ambayo kampuni imeifunga. Ugomvi huo unaonekana kama maneno ya wataalamu wa Ulaya na Marekani. Lakini gharama yake inalipwa pia kwenye vilima vya Kadutu, kwa mega, kwa umeme na kwa siku za kazi zinazopotea. Kwa hiyo unastahili kuzungumzwa Cimpunda pia, kwa Kiswahili, na watu wanaotumia mashine hizo.

Maoni yanayotetewa katika makala hii ni haya: kutumia programu iliyofungwa si dhambi, na kijana anayeitumia asionewe wala asihubiriwe. Lakini kazi ambayo jamaa inakula kutokana nayo isiwekwe yote juu ya programu ambayo kampuni moja tu, iliyo mbali, ina uwezo wa kuitengeneza au kuiacha ife.

Kwa nini Linux, na kwa nini sasa

Kompyuta nyingi za vibanda ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo. Zinafika na Windows 10 au hata ya zamani zaidi, na mara nyingi ni nakala isiyo na leseni, iliyojaa virusi vinavyopita kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 bure. Windows 11 nayo inadai prosesa iliyo kwenye orodha ya kampuni pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi.

Kununua mashine mpya si jambo la kusema kwa urahisi. Mwezi wa pili 2025 AFC/M23 waliingia Bukavu, benki zikafunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama. Biashara ndogo zilibaki kutegemea pesa za mkononi na za simu. Katika hali hiyo, mfumo usiodai pesa, unaokubali mashine ya miaka kumi na zaidi na unaoweza kunakiliwa kwa flashi bila kosa lolote la sheria, ni msaada wa kweli. Ndiyo sababu vijana wanaweka Linux Mint na Ubuntu. Jina hilo la Ubuntu lenyewe si geni: ni neno la Kibantu ambalo kwa Kiswahili ni utu. Mfumo huo ulitoka mara ya kwanza mwezi wa kumi 2004, na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mzaliwa wa Afrika Kusini.

Kwa mashine zenye grafiki za Intel au AMD, mambo kwa kawaida yanaenda vizuri tangu siku ya kwanza. Shida kubwa inakuja pale fundi anapogeuza mashine na kukuta kibandiko cha kijani cha NVIDIA.

Kiendeshi ni nini

Kadi ya grafiki ndiyo inayochora kila kitu kinachoonekana kwenye kioo. Lakini haielewani na mfumo moja kwa moja. Katikati yao kuna programu ndogo ya kutafsiri. Wanaotumia Windows ya Kifaransa wanaiona ikiitwa pilote. Kwa Kiswahili inaitwa kiendeshi. Bila kiendeshi kinachofaa, kadi ya dolari mia tano haina faida kuliko ya dolari tano.

Kiendeshi kinaweza kuwa wazi au kufungwa. Kikiwa wazi, maagizo yake yote yanasomeka kama yalivyoandikwa na mtunzi. Fundi yeyote, awe Bukavu, Nairobi au Berlin, anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kumpa mwenzake. Kikiwa kimefungwa, mtu anapewa kitu kilichokwisha kupikwa. Anaweza kukitumia, lakini hawezi kuona kilichomo wala kukirekebisha kinapoharibika. Anabaki kusubiri kampuni.

Mpangaji wa nyumba anajua hali hiyo. Hata akilipa garanti ya miezi yote na kupaka rangi ukutani, ufunguo mwingine uko kwa mwenye nyumba. Anaweza kuishi vizuri miaka mitano. Lakini siku mwenye nyumba akisema basi, ni basi.

Ugomvi ulianzia kwenye printa

Watu wengi hawajui kwamba harakati nzima ya programu huria ilichochewa na kiendeshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maabara moja ya chuo cha MIT kule Marekani ilipewa printa na kampuni ya Xerox. Karatasi zilikuwa zinakwama. Mtaalamu wa maabara hiyo, Richard Stallman, alitaka kuongeza maagizo machache ili printa iwajulishe watumiaji kila inapokwama, kama alivyokuwa amefanya kwa printa ya kwanza. Safari hii hakupewa msimbo wa programu hiyo. Hata mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao alimnyima, kwa sababu alikuwa ameahidi kutoutoa. Mwezi wa tisa 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo mzima ulio wazi. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alitoa kiini cha Linux. Vitu hivyo viwili pamoja ndivyo msingi wa mifumo inayoitwa Linux leo.

Mwenye kibanda cha fotokopi Cimpunda hahitaji kuelezwa uchungu wa karatasi iliyokwama wakati wateja wamepanga mstari. Kisa cha Stallman ni kisa chake.

Kwa upande wa kadi za grafiki, kampuni hazikwenda njia moja. AMD, baada ya kuinunua ATI mwaka 2006, ilianza mwaka 2007 kutoa maelezo ya kadi zake ili watu waandike viendeshi vilivyo wazi. Intel nayo ilitoa viendeshi vilivyo wazi. NVIDIA ilibaki na kiendeshi chake kilichofungwa. Wataalamu wa kujitolea walilazimika kuichunguza kadi kutoka nje, hatua kwa hatua, hadi wakaandika kiendeshi kilicho wazi walichokiita Nouveau, neno la Kifaransa ambalo kila mtu Bukavu analielewa. Kiliingia katika kiini cha Linux kwenye toleo la mwezi wa pili 2010.

Kazi hiyo ya kujitolea ilikutana na ukuta mwingine. Kuanzia kadi nyingi za kizazi cha GTX 900, zilizotoka mwaka 2014, kadi yenyewe ilianza kudai programu ya ndani yenye sahihi ya NVIDIA kabla ya kukubali kubadili mwendo. Nouveau haikuwa na sahihi hiyo. Matokeo yake, kadi inayoweza kukimbia inabaki ikitembea polepole. Mwaka 2012 Torvalds aliwahi kuilaumu NVIDIA mbele ya watu katika chuo kikuu cha Aalto, Finland, na kuinyoshea kidole cha matusi mbele ya kamera. Watu walicheka, lakini kadi hazikufunguka kwa sababu ya kidole.

Mabadiliko yalikuja mwezi wa tano 2022. NVIDIA ilitoa hadharani msimbo wa sehemu ya kiendeshi inayokaa ndani ya kiini, kwa kadi za kuanzia kizazi cha mwaka 2018. Hiyo ni hatua, na inafaa isemwe kwamba ni hatua. Lakini sehemu kubwa inayochora na kupiga hesabu bado imefungwa, pamoja na programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Na kadi za kabla ya mwaka 2018, ambazo ndizo mtu wa Cimpunda anaweza kuzinunua, hazikuguswa na zawadi hiyo.

Wanaosema "tumieni tu" na wanaosema "msiguse"

Kuna makundi mawili, na yote mawili yana sehemu ya ukweli.

Kundi la kwanza linasema: kiendeshi cha NVIDIA ni cha bure kwa pesa, kinafanya kazi, na mtu mwenye njaa hasomi msimbo. Ni kweli. Kijana anayetengeneza video za harusi kwa DaVinci Resolve ndani ya Linux hawezi kutumia Nouveau. Anayechora kwa Blender na kutaka kadi ya NVIDIA imfupishie kazi anahitaji CUDA, na CUDA inakuja na kiendeshi kilichofungwa. Kazi ya saa nane inaweza kuwa ya saa moja. Mahali ambapo umeme unaweza kuondoka wakati wowote, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mteja atapata video yake au atadai pesa yake. Tena leseni ya NVIDIA kwa kiendeshi cha Linux inaruhusu kukinakili na kukigawa, mradi mtu asikibadilishe. Kijana wa Cimpunda anayekipeleka kwa mwenzake kwa flashi hajaiba kitu.

Kundi la pili linasema: ukiingiza programu iliyofungwa ndani ya mfumo ulio wazi, umejenga nyumba ya matofali na kuweka mlango wa mtu mwingine. Hujui inafanya nini, na huwezi kuitengeneza. Nao ni kweli. Katika mji ambao watu wamejifunza kuwa waangalifu na kila kinachopita ndani ya simu na kompyuta zao, swali la "programu hii inafanya nini" si swali la anasa.

Mfano wa namna ya kupatanisha makundi haya umetolewa na Debian, moja ya mifumo ya zamani na yenye msimamo mkali zaidi wa uhuru wa programu. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura wakakubali kwamba programu zilizofungwa zinazohitajika na vifaa ziwekwe kwenye diski rasmi ya kuinstalia mfumo, kwa sababu bila hizo watu walikuwa wanashindwa hata kuingia. Debian 12, ya mwezi wa sita 2023, ilitoka hivyo. Lakini programu hizo ziliwekwa katika fungu lake peke yake, mtumiaji anaambiwa kilichopakiwa, na anaweza kukataa. Kiendeshi cha NVIDIA chenyewe bado kinakaa katika fungu la visivyo huru, na anayekitaka anakifungulia mwenyewe kwa kujua.

Hiyo ndiyo heshima inayomfaa mtu wa Cimpunda pia: aambiwe ukweli, kisha achague.

Kipimo cha Cimpunda si kipimo cha Paris

Mjadala wa ng'ambo unazungumzia michezo ya video na kasi. Cimpunda ina vipimo vyake, navyo ni vitatu.

Cha kwanza ni mega. Kiendeshi cha NVIDIA kwa Linux kina uzito wa zaidi ya megabaiti 300. Kwa mtu mwenye intaneti ya nyumbani, ni dakika chache. Kwa anayenunua mega kwa simu, ni chakula cha jioni. Na si mara moja tu: kila toleo jipya ni kushusha tena. Viendeshi vya Intel, AMD na Nouveau vinakuja ndani ya mfumo wenyewe. Hakuna cha kununua.

Cha pili ni umeme. Kila kiini cha Linux kinapobadilishwa, kiendeshi cha NVIDIA kinahitaji kutayarishwa upya ili kilingane nacho. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kiini kipya kinaweza kubaki bila kiendeshi, na asubuhi mashine inafungua kioo cheusi. Mwenye kibanda anadhani kadi imeungua. Anamlipa fundi asiyejua Linux, fundi anafuta kila kitu na kurudisha Windows yenye virusi, na picha za wateja zinapotea. Hasara hiyo yote imetokana na jambo ambalo lingetengenezwa kwa dakika kumi.

Cha tatu, na ndicho kizito, ni umri. Mashine zinazofika Cimpunda ni za zamani, na NVIDIA inaacha kadi za zamani. Tawi la kiendeshi namba 340, la kadi za GeForce za kizazi cha 8 na 9, liliachwa mwisho wa mwaka 2019. Tawi la 390, la GeForce nyingi za 400 na 500, liliachwa mwisho wa mwaka 2022. Tawi la 470, lililobeba GeForce nyingi za 600 na 700, lilifikia mwisho wake mwaka 2024. Na kampuni imetangaza kwamba tawi la 580, la mwaka 2025, ndilo la mwisho kwa kadi za GTX 900 na GTX 10. Kiendeshi kilichoachwa hakifi siku hiyo hiyo. Kinaendelea na kiini cha zamani, hadi siku mfumo utakapobadilika na kukikataa. Hapo mwenye mashine hana wa kumwita.

Linganisha na kadi za Radeon za mwaka 2012, ambazo bado zinaendeshwa na viendeshi vilivyo wazi ndani ya Linux ya leo. Si kwa sababu AMD ina huruma kuliko wengine. Ni kwa sababu msimbo uko wazi, na yeyote anayehitaji kadi hiyo iendelee kuishi anaweza kuishughulikia. Kampuni ikichoka, kazi haifi pamoja nayo.

Udongo wetu unaulizwa, ufunguo hauulizwi

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Kivu wana haki ya kulisema. Ndani ya vifaa vya elektroniki, kadi za grafiki zikiwemo, hutumika bati la kuunganishia, tantali inayotoka katika koltani, tangasteni na dhahabu. Tangu mwaka 2010, sheria ya Marekani iitwayo Dodd-Frank, kifungu cha 1502, inazidai kampuni zilizo katika soko la hisa la huko kueleza kama madini hayo manne wanayoyatumia yametoka Kongo au kwa majirani zake. NVIDIA ni moja ya kampuni zinazotoa ripoti hiyo kila mwaka.

Sheria hiyo imesifiwa na kulaumiwa, hasa na wachimbaji waliopoteza soko. Lakini ilithibitisha jambo moja: inawezekana kuilazimisha kampuni kubwa ieleze kilichomo ndani ya kifaa chake. Jamaa zilizotoka Kalehe, nchi ya Nyabibwe na Numbi, zimezoea kusikia wageni wakiuliza madini yametoka shimo gani. Ni halali nao waulize, pale kifaa kinaporudi Bukavu baada ya miaka kumi, kwa nini ufunguo wake umebaki ng'ambo. Kampuni inapoacha kutunza kadi, haina tena biashara ya kulinda kwenye kadi hiyo. Siku hiyo ifungue msimbo wa kiendeshi, au angalau itoe maelezo na sahihi zinazohitajika ili wengine waendelee. Kampuni hujitetea kwamba ndani ya viendeshi kuna siri za biashara na kazi za wengine walizokodi. Hoja hiyo ina uzito kwa kadi inayouzwa leo. Kwa kadi ambayo mwenyewe ameitupa, haina.

Mambo ya kufanya kuanzia kesho

Wakati dai hilo likisubiri, riziki haisubiri. Kwa mafundi, wenye vibanda na jamaa zenye mashine moja, haya yanaweza kusaidia.

Kwanza, kabla ya kununua laptopu sokoni, mnunuzi auize kadi ni ya nani. Kwa kuchapa, picha, sauti za redio na masomo, grafiki za Intel au AMD zinatosha kabisa. LibreOffice, GIMP, Inkscape na Audacity hazidai NVIDIA. Kulipa dolari zaidi kwa kibandiko cha kijani bila kazi inayokihitaji ni kununua shida.

Pili, laptopu nyingi zina kadi mbili: ya Intel na ya NVIDIA. Mwenye kiendeshi cha NVIDIA ndani ya Ubuntu au Mint anaweza kuchagua Intel kwa amri hii: sudo prime-select intel, kisha azime na kuwasha. Betri inadumu zaidi, na mashine haipati joto. Siku ya video anarudisha NVIDIA. Umeme unapokatika, betri ndiyo inayomaliza kazi ya mteja.

Tatu, anayehitaji kiendeshi kilichofungwa akipate kupitia mfumo wenyewe, si kwa kushusha faili ovyo. Katika Mint ya Kifaransa ni sehemu ya Gestionnaire de pilotes; katika Ubuntu ni Pilotes additionnels. Tena diski ya Ubuntu, tangu toleo la 19.10 la mwaka 2019, imebeba viendeshi vya NVIDIA ndani yake. Mtu mmoja akiishusha, mtaa mzima unaweza kunakili. Kama baada ya kuweka kiendeshi mashine inaonyesha ukurasa wa buluu na kudai neno la siri, asiupite haraka: hapo ndipo sahihi ya kiendeshi inapokubaliwa. Akiupita, kiendeshi hakitapakiwa.

Nne, mfumo usisasishwe siku ya kazi, wala wakati umeme una mashaka. Isubiriwe siku betri imejaa na hakuna mteja. Na nakala za kazi za watu zikae kwenye diski nyingine.

Tano, kioo kikiwa cheusi, mashine isifutwe. Iwashwe huku ikibonyezwa Esc au Shift hadi orodha itokee, kisha ichaguliwe Options avancées na kiini cha zamani kilichokuwa kinafanya kazi. Ikishindikana, kwenye orodha hiyo ibonyezwe herufi e, na mwisho wa mstari unaoanza na neno linux liongezwe neno nomodeset. Picha itakuwa ya kawaida tu, lakini mashine itafunguka, na kazi zilizomo zitaokolewa.

Sita, mashirika na ndugu wa ng'ambo wanaotuma kompyuta kwa shule, kwa redio na kwa vituo vya jamaa zilizohama, waulize swali hilo hilo kabla ya kufunga sanduku. Mashine ishirini zenye kadi iliyoachwa ni mzigo wa fundi. Mashine kumi zenye viendeshi vilivyo wazi ni darasa.

Ujuzi usikae kwa mtu mmoja

Kuna kufungwa kwingine ambako hakutoki California. Fundi anayejua kufungua kioo cheusi na kuficha namna, ili wateja warudi kulipa kila mwezi, naye anafunga msimbo. Anatafuta riziki, na ana haki ya kulipwa kwa kazi yake. Lakini mtaa ambao umepokea jamaa nyingi zilizokimbia, na ambao nyumba moja imekubali kulaza watu kumi, unajua kwamba kinachogawanywa ndicho kinachobaki. Vijana waliokatiziwa masomo na vita wangeweza kufundishwa jambo hili kwa siku tatu, kwa mashine moja na flashi mbili. Baada ya hapo hakuna wa kuwanyima tena.

Kiendeshi cha NVIDIA kitumike pale kazi inapokidai. Kitumike kwa macho wazi, tarehe yake ya mwisho ikijulikana, na njia nyingine ikiwa tayari. Mama aliyekuja na cheti cha mtoto ndani ya simu hajui Linux ni nini, wala hana haja ya kujua. Anachohitaji ni kwamba karatasi itoke leo, kwa sababu mkuu wa shule amesema kesho ni mwisho.